Kemunto na Sime za Wafaransa

Sime yake ya kwanza Kemunto aliinunua kwa dola nne, tena aliinunua akatie kabichi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mwaka 1993, huko Lakeville, nje ya mji wa Minneapolis, ambako wenye nyumba mpya walikuwa na desturi ya kufungua gereji zao na kuanika nje kila wasichokitaka: viti vya watoto, mashine za kahawa, viatu vya kuteleza kwenye barafu. Kemunto alikuwa akitafuta kitanda cha ghorofa kwa ajili ya wanawe wawili. Kitanda hakupata. Lakini chini ya meza, ndani ya ndoo iliyojaa reki na mikasi ya bustani, aliona mpini wa shaba ya manjano uliozungukwa na pete nyingi, kama mgongo wa jongoo. Alipouvuta, ukatoka na chuma kinene chenye makali pande mbili, ubapa wake urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole.

Mtu mwingine angeuona mzigo wa kutu. Kemunto alikuwa binti wa mhunzi. Baba yake, Mzee Ombati, alifua mapanga na majembe katika soko la Suneka, Kisii, kwa springi za malori mabovu, na kwa miaka saba ya shule ya msingi ni Kemunto aliyevukuta mivukuto kila alasiri mpaka mikono ikaota sugu. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa anachukua kipande cha chuma, anakigonga kwa ukucha, anakisogeza kwenye sikio la binti yake. "Hiki?" anauliza. Na Kemunto anajibu, kizuri au kibaya. Chuma kizuri kililia kwa muda mrefu. Kibaya kilikohoa kikanyamaza.

Basi pale Lakeville, mbele ya watu waliokuwa wakibishana bei ya baiskeli, Kemunto aliigonga ile sime kwa ukucha. Ikalia. Akatoa dola nne.

"Ume-drive nusu saa nzima kununua panga?" mumewe Eliakim alimuuliza alipofika nyumbani kwao New Hope. Eliakim alifanya kazi kwenye ghala moja kule Eagan, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kulala.

"Si panga, Baba Moraa. Hii ni sime. Na chuma chake baba angekipenda."

"Basi ikae mbali na watoto," Eliakim akasema, akageukia ukutani.

Nyuma ya kanisa lao palikuwa na uwanja ambao kanisa lilikuwa limeugawa vipande vipande, ili watu wa nyumba za kupanga za mtaa ule wapate pa kulima. Kemunto alipanda sukuma wiki, managu na mistari minne ya kabichi. Kipande cha jirani kilikuwa cha mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyeitwa Harrison Tveit, fundi mashine mstaafu, aliyelima nyanya na kuzungumza nazo kuliko alivyozungumza na watu. Mwezi wa nane kabichi zilipofunga, Kemunto alikuja na sime yake akaanza kuzikata. Pigo moja, kabichi moja.

Akasikia mpira wa maji umeanguka. Harrison alikuwa amesimama, maji yanamwagika miguuni, hana habari.

"Mama," akasema, "nakuomba sana. Acha kwanza."

Kemunto aliacha. Mzee akavuka mstari wa bizari, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akafuta udongo kwa shati lake. Pale mpini unapokutana na ubapa palitokea herufi ndogo zilizopigwa kwenye shaba: jina la watengenezaji, na neno moja ambalo Kemunto alilisoma bila shida. Paris.

Harrison akamweleza. Hiyo ilikuwa sime ya askari wa miguu wa Ufaransa, ya mtindo wa mwaka 1831, iliyoigwa kutoka kwa Warumi wa kale. Wakubwa wa jeshi waliipenda kwa sababu ilipendeza kwenye gwaride. Askari wenyewe walioibeba waliiona nzito na fupi, haimfikii adui, inafaa tu kukatia kuni na kusaidia jikoni. Kwa dharau wakaipa jina.

"Jina gani?" Kemunto akauliza.

Harrison akatazama zile kabichi zilizolala chini. "Kikata-kabichi," akasema.

Kemunto alicheka mpaka akakaa kwenye udongo. Na yule mzee, ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kuona meno yake, naye akacheka.

Alipotulia, Harrison alisema yuko tayari kumpa dola mia moja na ishirini papo hapo. Mwingine angezipokea, maana zilikuwa kama mshahara wa siku mbili katika ile nyumba ya wazee alikokuwa muuguzi msaidizi. Kemunto alimtazama akamuuliza, "Hiyo bei umeipataje?"

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza. Harrison aliwahi kuwaambia watu wengi bei za vitu vyake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Kemunto na Eliakim walikaribishwa kwa akina Tveit. Mkewe Harrison, Ardis, bibi mfupi mwenye sauti ya kuimba, aliwapa kahawa na mikate ya sukari. Kemunto hakuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, akamwita Mama Ardis, na bibi akalipenda jina hilo tangu siku ile. Kisha wakashuka kwenye chumba cha chini. Kwenye ukuta mmoja, zimepangwa kama vijiko vya mtu nadhifu, zilikuwa sime ishirini na tano, zote za Kifaransa.

Harrison alizishusha moja moja. Alimwonyesha kwamba mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kupishana bei mara tatu. Hii ina ala yake ya ngozi, ile imeipoteza. Hii imesuguliwa kwa msasa na mtu aliyetaka ing'ae, akafuta maandishi pamoja na kutu, akatupa nusu ya thamani. Zile za nyuma zaidi, za mwaka 1816, mpini wake una magamba kama ya samaki, na ubapa wake ukiwa bado na maandishi ya kiwanda, bei inapanda. Namba za mpini na za ala zikilingana, zimeishi pamoja tangu zizaliwe. Zisipolingana, kuna aliyeziozesha baadaye.

Kemunto alisikiliza. Alipofika ya kumi akaanza kuzigonga, na Harrison akamtazama. Moja aliigonga, akaikunjia uso, akaigonga tena.

"Hii si ndugu yao," akasema.

"Nilikuwa nikiishuku," Harrison akajibu polepole. "Niliuziwa na mtu ninayemjua. Sikutaka kuamini."

Kuanzia hapo, kila siku yake ya mapumziko, Kemunto alipanda basi kwenda maktaba kubwa ya Minneapolis. Alisoma kila kitabu chenye picha ya sime. Kifaransa hakukijua, lakini aliyajifunza yale maneno thelathini yaliyopigwa kwenye vyuma, pamoja na majina ya miji ya viwanda, mpaka akawa anayatamka akikunja nguo. Alinunua daftari gumu na kipimo cha fundi. Alipopata sime alipima urefu, unene, uzito, akaandika iliuzwa wapi, kwa kiasi gani, na kama muuzaji alikuwa na haraka. Eliakim alilalamika miezi miwili. Mwezi wa tatu alijikuta akimpeleka kwenye maonyesho ya silaha za kale pale Saint Paul na kumngojea nje kwenye gari na gazeti. Mwaka uliofuata alikuwa anaingia naye.

Haikuwa rahisi. Katika ukumbi wa watu mia nne, mara nyingi yeye ndiye alikuwa Mwafrika pekee na mmoja wa wanawake watano. Mlangoni waliwahi kumuuliza kama anatafuta choo. Kulikuwa na mfanyabiashara mwenye meza kubwa kuliko zote, Alvin Strand, ambaye alisikia hadithi ya bustani akamgeuza kichekesho. "Anakuja Mama Kabichi!" alikuwa anawaambia wenzake. "Ficheni mboga!" Kemunto aliinama, akapima, akaandika, akaenda zake. Kufikia mwaka 1996 alikuwa na sime tano za kwake chini ya mablanketi kabatini, na alikuwa ameuza mbili kwa bei aliyoitaka.

Februari ya 1997 Harrison alifariki. Kiharusi kilimkuta akiwa anavaa soksi. Kemunto alimlilia kama alivyomlilia baba yake, na kwenye mazishi Ardis alimkalisha mstari wa mbele, pamoja na familia.

Mwezi wa nne Ardis akampigia simu. Alikuwa anahamia kwenye nyumba ndogo Eagan, karibu na dada yake, na vitu lazima viondoke. Alvin Strand ameshakuja. Ametoa dola elfu tatu kwa sime zote, na anataka kuzichukua Jumamosi.

"Harrison aliniambia," bibi akasema, "likitokea lolote, nikuite wewe kabla ya mtu mwingine."

Jumamosi Kemunto alifika na daftari lake. Alvin alikuwa tayari sebuleni, gari lake la mizigo limeegeshwa kwa nyuma mpaka mlangoni.

"Ala!" akasema kwa kicheko. "Tunapika leo?"

Kemunto alimsalimu, akakaa karibu na Ardis. "Mama Ardis, nipe wiki moja nizitazame zote. Halafu uamue mwenyewe."

"Wiki?" Alvin akaweka bahasha yake mezani. "Bibi, mimi nina elfu tatu leo. Pesa yangu haitasubiri wiki."

"Basi iende," Kemunto akasema.

Elfu tatu hazikuwa za Kemunto, alikuwa anachezea pesa ya mjane. Lakini Ardis aliisukuma ile bahasha kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ikarudi mbele ya mwenyewe.

Alvin akainuka. "Wiki moja," akasema. "Lakini bei yangu itashuka."

Wiki ile Kemunto alichukua siku za likizo alizokuwa ameziweka kwa safari ya nyumbani. Alishinda katika chumba cha chini asubuhi hadi jioni. Alihesabu sime kumi na nane za mwaka 1831 na sita za 1816, zote halisi, akaandika kila moja bei yake na sababu ya bei hiyo. Akaweka kando mbili zilizobaki. Moja ilikuwa ile aliyoikunjia uso siku ya kwanza. Nyingine Harrison alikuwa ameinunua miaka miwili kabla ya kufa. Kwenye mipini ya zote mbili palikuwa na mshono mwembamba ulioachwa na kalibu ya kumiminia shaba, ambao mtengenezaji wa leo hakujisumbua kuupiga tupa, na kutu yake ilikuwa ya kutengenezwa kwa siki, ya rangi moja kila mahali, wakati kutu ya miaka mia na sitini haikai hivyo.

Zikawa ishirini na sita. Siku ya Alhamisi, Ardis aliomba wapumzike, wakatoka kwenda gereji kutazama reki za Harrison. Dirisha la gereji lilikuwa wazi, limeegemezwa na fimbo fulani nene, nyeusi.

"Hiyo nini?" Kemunto akauliza.

"Ah, hicho ni kifaa cha mchezo wa jukwaani," Ardis akasema. "Kilikuja ndani ya sanduku la vitu vya kundi la maigizo lililofungwa. Harrison alitaka taa tu zilizokuwa humo. Kimeshikilia dirisha hilo tangu sijui lini."

Kemunto alikitoa. Kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi mara nyingi hata umbo limepotea, kama mti uliofunikwa na masizi. Lakini uzito ulikaa mkononi vizuri mno. Akakigonga kwa ukucha, na chini ya rangi ile yote, mbali, kitu kikalia.

Hakukikwangua. Alimpigia Eliakim, naye akapitia dukani akaja na kiyeyusho cha rangi na pamba. Wakakaa watatu kwenye meza ya jikoni, magazeti yametandazwa. Kemunto alianzia ncha ya mpini, tone kwa tone, mahali padogo kama ukucha. Rangi ikalainika, ikatoka. Chini yake shaba. Akaendelea. Likatokea jicho.

"Kuku?" Eliakim akanong'ona.

Kemunto akachovya pamba tena. Mdomo uliopinda ukafuata, kisha manyoya, safu kwa safu, yakishuka kwenye shingo iliyokuwa ndiyo mpini wenyewe. Sime kama hiyo Kemunto alikuwa ameiona mara moja tu, katika kitabu cha maktaba, picha ndogo isiyo na rangi. Ilikuwa sime ya wapiga mizinga wa enzi ya mfalme, ya miaka ya sabini ya karne ya kumi na nane, kabla ya mapinduzi yao. Harrison alikuwa amezitafuta maisha yake yote, na moja ilikuwa inamshikia dirisha.

"Ni tai," Kemunto akasema hatimaye, machozi yanamtoka. "Ni tai, Baba Moraa."

Ardis alilicheka jambo hilo kwa muda mrefu, leso machoni. "Angejipiga teke," akasema. "Halafu angeandika barua kwa kila mtu."

Jumamosi Alvin alirudi. Kemunto alikuwa amezipanga mezani na kila moja ina kikaratasi chake. Alvin alitembea akisoma, kicheko chake kikipungua hatua kwa hatua. Kwa jumla, Kemunto alikuwa ameziwekea dola elfu sita na mia nne.

"Umekosea," Alvin akasema. "Hapa ziko ishirini na nne na hiyo ya tai. Mbili nyingine ziko wapi?"

"Zile ni za kughushi. Nimeziweka pembeni kwa dola kumi na tano kila moja, za kupambia ukuta, na nimeandika hivyo."

"Nani amekwambia ni za kughushi? Mimi nilikuwa nazo kama hizo, nikaziuza kwa—"

"Alvin," Ardis akamkatiza kwa ile sauti yake ya kuimba. "Zile mbili Harrison alizinunua kwako."

Alvin alitazama ule mshono wa kalibu ambao Kemunto alikuwa amemwekea taa juu yake. Wekundu ulimpanda shingoni mpaka masikioni. Alitoa pochi yake bila kuombwa, akaweka mezani pesa alizomtoza marehemu, akachukua zile sime mbili akatoka. Gari lake la mizigo liliondoka tupu.

Ardis akaamua ziuzwe kwa mnada, na mnada ulifanyika mwezi wa sita, saa nne asubuhi, katika ukumbi mmoja wa Saint Paul. Mnadi alikuwa amechapisha vikaratasi vya Kemunto kama vilivyo, neno kwa neno, na chini ameandika jina la aliyezithamini. Kemunto alikaa nyuma kati ya Ardis na Eliakim, mikono ameibana magotini. Alikuwa ameshinda wiki nzima akijiuliza kama amemwingiza mjane hasarani kwa kiburi chake.

Sime ya kwanza aliiwekea mia moja na thelathini. Ikaenda kwa mia moja na thelathini na tano. Ya pili, mia moja na kumi, ikaenda kwa mia moja na kumi kamili. Kufikia ya nane watu waliacha kuzigeuza geuza sime zenyewe. Walisoma kikaratasi, wakainua mkono. Zile za magamba zilipanda zote kupita alivyokisia.

Kisha ikaja ya tai. Kemunto alikuwa ameiandikia elfu mbili. Ilianza na mia tano. Kwenye elfu moja na nusu walibaki watatu: mtu wa Chicago kwenye simu, daktari mmoja mwenye tai ya kipepeo shingoni, na Alvin Strand. Daktari akaacha kwenye elfu mbili. Alvin alifika elfu mbili na mia sita, jasho linamtoka, akatikisa kichwa. Nyundo ikapigwa kwenye elfu mbili na mia nane, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Jumla ilipita elfu saba. Ardis alisimama palepale kati ya viti, bibi mfupi asiyezidi mabega ya watu, akamshika Kemunto mkono akauinua juu kama wa bondia. "Ni huyu," akawaambia waliogeuka kutazama. "Huyu hapa." Eliakim, ambaye hakuwahi kupiga kigelegele maishani mwake kwa kuwa ni kazi ya wanawake, alipiga kimoja, kibaya, chenye kukwaruza, na hakujali.

Kabla hawajatoka, msimamizi wa maonyesho alimfuata na kadi yake. Kila mwaka walikuwa na meza ya tathmini, mahali ambapo watu huleta vitu vyao wakaambiwa ni nini na ni bei gani. Walikuwa na mtu wa bunduki na mtu wa nishani. Mtu wa sime na panga hawakuwa naye.

Kemunto alikubali, kwa masharti mawili: alipwe sawa na mtu wa bunduki, na jina lake waliandike bila kukosea.

Machi ya 1998, wakati theluji ingali imerundikana kwenye maegesho, aliketi kwenye meza hiyo amevaa suti ya kijani aliyoshonesha kwa kazi hiyo hiyo. Mbele yake palikuwa na kibao: KEMUNTO OMBATI, SIME NA PANGA ZA KIJESHI. Milango ilifunguliwa saa tatu. Saa tatu na dakika tano foleni ilikuwa imefika kwenye meza ya kahawa, wazee kwa vijana, wamekumbatia vitu vilivyofungwa kwa taulo na magazeti. Alvin Strand alikuwa wa tano kwenye foleni hiyo, kofia mkononi, na hakuomba kupita mbele.